Pampu iko Karatu, fundi yuko Arusha: Nywila akae nayo nani?

Pampu ya kisima kirefu ikizima Karatu, kila mtu anauliza kitu kimoja: fundi anafika lini? Mtaalamu wa mitambo akitoka Arusha ana karibu kilomita 140 za barabara. Anaweza kufika, akafungua boksi la umeme, akakuta kifaa kilichoungua ni kile ambacho hakukibeba. Safari inaanza upya, na ndoo zinaendelea kupanga foleni.

Kwa hoteli zilizo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kuna kikwazo kingine. Lazima fundi apite geti la Loduare, na geti lina saa zake.

Pampu inajieleza yenyewe

Pampu nyingi za kisasa zina kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ambayo mafundi wanaiita PLC. Ndiyo inayoamua pampu iwake au izime, kwa kuangalia kina cha maji na hali ya umeme.

Ukiiunganisha na modemu yenye laini ya simu, fundi aliyeko Arusha anaisoma kwenye laptop yake. Fezi moja imekatika? Maji kisimani yameshuka? Mota inavuta umeme kupita kiasi? Akijua hayo, anaondoka na kifaa sahihi. Au anamwelekeza mhudumu wa pampu kwa simu na hasafiri kabisa.

Somo la Kitui

Jirani zetu Kenya walishajaribu kitu cha aina hii. Mwaka 2013, huko Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vya kutuma SMS kwenye pampu za mkono. Wastani wa muda wa matengenezo ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3.

Ila SMS peke yake haitengenezi pampu. Kyuso palikuwa na mafundi waliokaa tayari kwa kazi hiyo. Ukifunga modemu bila fundi na vipuri, unapata habari mbaya mapema, basi.

Mlango ukiachwa wazi

Njia anayopitia fundi kusoma kidhibiti, mtu mwingine naye anaweza kuipita. Novemba 2023, wadukuzi waliingia kwenye kidhibiti cha kituo cha kusukuma maji cha Aliquippa, Pennsylvania, nchini Marekani. Wafanyakazi wakalazimika kuendesha mitambo kwa mkono. CISA, taasisi ya usalama wa mtandao ya nchi hiyo, ikawataka watumiaji wa vidhibiti vya aina ile wabadili nywila ya kiwandani. Nywila yenyewe ilikuwa 1111.

Kinga ya kawaida ni kupitisha mawasiliano kwenye VPN. Hapa kwetu hilo lina taratibu zake: Oktoba 2023, TCRA ilizitaka kampuni na watu wanaotumia VPN watoe taarifa zao. Anayefunga mfumo wa namna hii alimalize hilo kabla ya kuwasha.

Halafu kuna mtandao wenyewe. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Kama taarifa za pampu zinahifadhiwa kwenye seva ya ng'ambo, fundi wa Arusha haoni kitu, ingawa yeye na pampu wako mkoa mmoja. Kwa hiyo kidhibiti kiweze kufanya kazi bila intaneti, na taarifa za dharura ziende kwa SMS.

Nani aamue?

Mjini Karatu, maji yako chini ya KARUWASA. Vijijini, tangu 2019 yapo chini ya RUWASA, ambayo inafanya kazi na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Hao ndio wanaosaini mikataba na wakandarasi, na mkataba ndio mahali pa kuuliza maswali.

Nywila inabaki kwa chombo cha maji au inaondoka kwenye simu ya mkandarasi? Mkataba ukiisha, inabadilishwa siku hiyo hiyo? Fundi wa mbali anaruhusiwa kusoma tu, au pia kuwasha na kuzima?

Kusoma kuruhusiwe muda wote. Kuwasha na kuzima kusubiri mtu aliyesimama kando ya pampu aseme ndiyo, kwa sababu yeye ndiye anayeona kama kuna mwenzake ameingiza mikono kwenye mtambo.