Mbwa wa Kantini Wachanjwe, Wasipigwe Risasi

Wiki mbili kabla ya likizo fupi, mwenzetu wa mwaka wa kwanza aling'atwa na mbwa nyuma ya kantini, usiku, akitoka kujisomea. Kabla hata hajarudi kutoka kutibiwa, grupu letu la hosteli lilikuwa limeshatoa hukumu: mbwa wote wapigwe risasi. Mmoja akaandika eti siku hizi hapa chuoni mbwa ni wengi kuliko wahadhiri. Tulicheka sana. Na mimi nilicheka, nikaweka na dole gumba. Halafu nikapanda basi kwenda kwa babu, Singida vijijini.

Babu ana mbwa sita. Banda lao liko kati ya zizi la mbuzi na jiko, la fito na bati kuukuu, sakafu imeinuliwa kwa mawe ili maji ya mvua yapite chini. Mwezi wa tatu kwetu mvua bado zipo na mazao yako shambani, kwa hiyo mbwa hawana likizo. Usiku ni fisi, mchana ni ngedere.

Saa kumi na mbili asubuhi babu anafungua banda na kuwaita mmoja mmoja: Simba, Polisi, Watasema, Tutaona, Hayakuhusu, na jike mmoja mzee anayeitwa Bibi tu. (Bibi yangu halipendi kabisa jina hilo.) Kwa asiyejua, majina ya mbwa kijijini ni barua kwa majirani. Hayakuhusu alizaliwa mwaka wa ugomvi wa mpaka wa shamba, na babu alikuwa akimwita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya chakula ni ukaguzi. Masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia. Msimu wa mvua kupe ni wengi, na babu anawang'oa na kuwatupa kwenye kopo la mafuta ya taa. Nilipewa kazi ya kushika kopo. Baada ya hapo ndiyo unakuja ugali wa pumba uliochanganywa na vichwa vya dagaa, kila mbwa na sufuria yake iliyotoboka.

Siku ya tatu Tutaona hakuja kula. Nikataka kumfuata, babu akanizuia kwa fimbo. Mbwa aliyebadilika tabia babu hamshiki. Alimsogeza kwa fimbo hadi kwenye kibanda cha pembeni, akamwekea maji, akawa anamwangalia kwa mbali. Kesho yake jioni Tutaona alitapika kipande cha mfuko wa plastiki, akaomba chakula. Babu hakumtoa. Alimwacha humo siku kadhaa zaidi.

Sikumuuliza kwa nini. Nilipokuwa darasa la tatu, mwenzangu wa dawati aling'atwa na mtoto wa mbwa njiani. Kajeraha kadogo tu mkononi, alinionyesha mimi, akaniambia nisiseme kwa sababu nyumbani walishamkataza kuchezea mbwa wa watu. Sikusema. Baada ya wiki kadhaa akaacha kuja shule. Tulisikia kwamba anaogopa maji, kisha tukaambiwa tumuombee, kisha tukaambiwa amefariki. Hakuna mwalimu aliyesimama mbele yetu akasema: mtoto aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende kuchomwa sindano siku hiyo hiyo. Hayo niliyajua nikiwa sekondari. Nisiwadanganye kwamba ndiyo maana nasoma ualimu. Nasoma ualimu kwa sababu ndiyo kozi niliyopata. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 hivi ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Hao ndio tunaokwenda kuwafundisha, jamani.

Wiki ile ile bwana mifugo alikuja kuchanja, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nilikwenda na mbwa watatu. Foleni nzima walikuwa wanafunzi wa msingi, wenye kamba za katani, vipande vya kanga, mmoja amefunga mbwa kwa mkanda wa suruali ya baba yake. Kadi za chanjo babu anazihifadhi mfuko mmoja na kadi yake ya kliniki ya presha.

Sasa turudi kantini. Kuua mbwa kumeshajaribiwa. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Bali, Indonesia, mwaka 2008, waliua mbwa kwa maelfu na ugonjwa ukaendelea kusambaa, mpaka walipochanja kwa wingi ndipo ukaanza kushuka. Ukiua, wanauawa hata waliochanjwa, na nafasi yao inachukuliwa na wageni wasiochanjwa, maana majalala yetu yako pale pale. Pemba walichanja, ugonjwa ukatoweka. Uliporudi mwaka 2016 wakachanja tena, ukaondoka. Kinachotakiwa ni kuwafikia mbwa 70 katika kila 100, na kurudia, kwa sababu mbwa wanakufa na wengine wanazaliwa.

Wengine watasema (nisamehe, Watasema) hao mbwa si wetu. Ni wa nani basi? Mifupa ya chipsi kuku tunawatupia sisi. Mbwa wa kantini wanaijua siku ya bumu kuliko bodi ya mikopo.

Na yule aliyemng'ata mwenzetu yuko hai. Nimemwona juzi, mwezi na zaidi umepita. Mbwa akiwa mzima siku kumi baada ya kung'ata, maana yake wakati anang'ata hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa. Tungempiga risasi usiku ule tusingejua. Mwenzetu alifanya sawa kuanza sindano bila kusubiri, ingawa pale alipokwenda kwanza walimfunga bandeji bila kuosha jeraha wakamwambia dawa hakuna, akaishia mjini na bumu lake likaishia huko.

Ninachoomba serikali ya wanafunzi ni barua moja kwa ofisi ya mifugo ya halmashauri, na jalala la kantini lifunikwe. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, wengi wetu tutakuwa nyumbani, kwa hiyo tusiisubiri. Watu kumi wa kuwazoesha mbwa na kuwashika kamba nitawatafuta mimi, nimeshapata saba. Wa saba ni huyo huyo aliyeng'atwa. Amekubali, kwa sharti kwamba yule mbwa wake ashikwe na mtu mwingine.