Hiyo "Nzuri Sana" Yenu

Kwa miaka yote niliyosimamia walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha nilikuwa na adui mmoja ambaye sikumshinda. Adui huyo ni neno "Vema". Mkufunzi huketi nyuma ya darasa dakika arobaini, humtazama kijana anayetetemeka na chaki yake, kisha huandika chini ya andalio la somo: "Vema. Ongeza juhudi." Kijana anafurahi, mkufunzi anawahi chakula chake, na watoto watafundishwa vibaya kwa miaka thelathini ijayo. Mimi mwenyewe nimeiandika hiyo "Vema", tena si mara moja. Iko jioni moja ya masika nilipitia maandalio arobaini na mawili kwa mwanga wa karabai, na nakiri kwamba baada ya lile la kumi sikusoma tena, niliandika tu.

Nilipostaafu nilidhani adui huyo nimemwacha chuoni. Kumbe alinitangulia barazani.

Hapa Kitangari tuko watu kama kumi tunaopenda kupiga picha. Hakuna fundi wa studio kati yetu. Tuko walimu wastaafu, muuguzi mmoja, mwendesha bodaboda mmoja, na vijana kadhaa wenye simu nzuri kuliko mishahara yao. Jumamosi jioni tunakutana na kupitishiana simu mkono kwa mkono, na mwenye kompyuta ndogo huja nayo. Enzi za kamera yangu ya filamu, picha thelathini na sita zilikuwa mali. Mkanda ulipelekwa mjini kusafishwa, ukarudi baada ya wiki kadhaa, na jicho lililofumba lilibaki limefumba. Siku hizi kijana anapiga picha asubuhi, adhuhuri amebadili rangi ya mbingu, na jioni amemwondoa mbuzi aliyepita nyuma.

Sina ugomvi na hilo, na nalisema mapema kwa kuwa najua wako watakaonisoma kama mzee anayechukia mashine. Kurekebisha picha ni jambo la kale. Mafundi wa studio za zamani walipitisha penseli juu ya negativu kuficha makunyanzi, na walipaka mashavu rangi kwa brashi. Kule Lamu, marehemu Omar Said Bakor alikata picha na kuzibandika pamoja, mtu akaonekana mahali asipoweza kuwapo, na mtazamaji alijua kabisa kwamba anachezewa, akacheka naye. Ugomvi wangu ni na sisi watazamaji, sisi wenye "Nzuri sana".

Mwenzetu mmoja alileta picha aliyoipiga Newala, pale Shimo la Mungu, jua likizama. Kando ya jua, juu ya bonde la Ruvuma, alikuwa ameongeza mwezi mpevu mkubwa kama ungo. Simu ikazunguka. "Nzuri sana!" "Umetisha!" Ilipofika kwangu nilisema kwamba mwezi mpevu huchomoza mashariki wakati jua linapozama magharibi, kwani ili sisi tuuone umejaa ni lazima jua liwe upande wa pili, linaumulika uso wake wote. Hauwezi kukaa bega kwa bega na jua linalotua. Baraza likanyamaza kana kwamba nimemtukana mzazi wa mtu. "Mwalimu," mmoja akasema, "hii ni burudani tu." Mwenye picha hakukasirika. Juma lililofuata alikuja na picha ile ile bila mwezi, na hapo ndipo tulipouona mto wenyewe chini kabisa, uzi mwembamba unaong'aa. Siku zote ulikuwamo. Mwezi ulikuwa umetunyang'anya macho.

Lakini baada ya siku ile nilipewa jina. Niliitwa Mkaguzi. Na mtu mzima, ndugu msomaji, huogopa jina kama mtoto. Nilianza kulainisha ulimi.

Basi akaja kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, na picha ya bibi yake mzaa mama. Bibi alikuwa amepita miaka tisini, ameketi chini ya mkorosho, mikono magotini. Nilimfahamu tangu nilipofika hapa. Alikuwa na nembo usoni, zile za Kimakonde halisi: mistari iliyokunjwa kama ncha za mishale ikishuka mashavuni, na nyingine kwenye paji la uso, iliyochanjwa kwa kisu kidogo na kusuguliwa makaa alipokuwa mwali. Alikuwa akisema kwamba alilala siku nyingi uso umevimba, na kwamba hakulia. Katika picha ya mjukuu wake ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto, imeng'aa, imepungua weusi. Programu ilikuwa imeona nembo zile, ikazihesabu kuwa mabaka, ikazifuta.

Niliona. Siwezi kusema sikuona. Nilimtazama kijana, macho yake yakimeremeta kwa furaha, nikakumbuka jina langu jipya, nikasema: "Nzuri sana, mjukuu wangu." Wengine tisa wakasema vivyo hivyo.

Bibi alifariki miezi michache baadaye. Picha ile ilikuzwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni. Siku ya arobaini alikuja kikongwe mmoja kutoka kijiji cha bondeni, aliyechezwa unyago pamoja na marehemu. Alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa Kimakonde, bila ubaya wowote, yule mgeni aliyetundikwa pale ni nani.

Kijana akatoka nje. Baadaye aliniambia kwamba picha ya mwanzo haipo. Aliihifadhi ile iliyorekebishwa juu yake, na simu ilikuwa imejaa.

Wako wanaoniambia: hawa si wataalamu, wanajifurahisha, ukiwakosoa utawavunja moyo. Hoja hii nimeisikia maisha yangu yote, na kila mara hutolewa na mtu asiyetaka kuchelewa chakula. Humaanisha kwamba mwenzako hana uwezo wa kusikia neno la kweli na kulifanyia kazi. Ni kumdharau huku unamtabasamia. Tuliwafundisha watoto kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kila mwaka tuliwaeleza kasoro ya mgema. Hatukuwauliza hata siku moja ni nani waliomsifu, wala ni nani waliokunywa maji hayo.

Wako pia wale wa upande wa pili, wanaotazama picha ya mwenzao ili tu wapate mahali pa kutema. Hao sina maneno nao. Moyo huvunjwa na mdomo wa namna hiyo. Swali la rafiki halimvunji mtu. Mjomba wangu alichonga mpingo, na wenzake walikaa naye chini ya mwembe. Sikumbuki hata mmoja wao akisema "nzuri". Mmoja angekichukua kinyago, akakigeuzageuza, akauliza: "Huyu anatazama wapi?" Ni hilo tu. Mjomba angekitazama upya, wakati mwingine akacheka, wakati mwingine akachukua tezo. Mpingo ukishakatwa haurudi, kwa hiyo swali liliulizwa mapema, mti ungali na nyama. Sisi wa simu tunajidanganya kwamba kila kitu kinarudishika, ndiyo maana hatuulizi.

Na mashine nayo, tusiione kama malaika. Ilifundishwa na watu. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi zilizo sawa. Sisi wengine tulitokea tulivyotokea. Anayebonyeza kitufe cha kupendezesha uso leo anapokea hukumu ya mtu asiyemjua kuhusu uso upi ni safi. Kama rafiki zake kumi hawamuulizi, nani atamuuliza?

Mwaka 1982 gazeti la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada lake, na watu wakapiga kelele kwelikweli. Sawa, wapige. Lakini piramidi zenyewe hazikusogea. Mwenye shaka aende Misri akazitazame. Bibi hayupo mahali popote pa kwenda kumtazama.

Tena kuna jambo linalonichoma zaidi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi akapanda hadi Newala na kamera yake, na mwaka 1908 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Alituona kama vitu vya kukusanywa na kupelekwa makumbusho ya Leipzig, na mengi aliyoyaandika hayasomeki bila hasira. Lakini katika picha zake nembo za bibi zetu ziko pale pale, unaweza kufuata mistari. Mgeni yule, kwa sababu zake mbaya, hakufuta kitu. Sisi tuliompenda bibi tulifuta, kisha tukapongezana.

Kwa hiyo siku hizi nimelikubali jina langu. Simu ikinifikia husema: nionyeshe kwanza ya mwanzo. Kisha huuliza ni kitu gani kimeondolewa, na kwa nini. Mara nyingi jibu ni zuri. Waya wa umeme ukiondolewa mbele ya mkorosho uliochanua, mimi nani hata niulilie? Nikipenda kitu nakitaja kwa jina lake, mwanga wa ukutani au mkono uliolegea, ili mwenzangu ajue nimetazama. Wawili wameacha kuja. Mmoja alisema hakutoka kwake kuja kufanya mtihani.

Mwezi uliopita yule kijana alirudi barazani. Alikuwa ameipata kadi ya mpiga kura ya bibi yake kwenye sanduku la nguo, akaipiga picha ile sura ndogo na kuikuza.

"Shikamoo, Mwalimu. Hii sijaigusa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ilete."

Ilikuwa na ukungu, na mkunjo wa kadi umepita kidevuni. Simu ikazunguka baraza zima bila mtu kusema neno, hata mimi nikashangaa. Ilipofika kwangu nilivua miwani, nikaisogeza karibu na jicho. Nilimwambia shavu la kulia limemezwa na kivuli, mistari haionekani, na sidhani kama kuna programu inayoweza kuirudisha bila kubuni. Ya kushoto inaonekana. Nilihesabu mitatu. Yeye akasema ni minne, akanionyesha kwa ukucha.