Siasa ndizo hurefusha safari ya Nairobi na Mogadishu

KWA hesabu ya ramani, Nairobi na Mogadishu ni majirani. Umbali wa angani baina ya majiji hayo mawili ni takriban kilomita 1,000, masafa ambayo ndege ya jeti huyakata kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Hata hivyo, kwa miaka mingi urefu wa safari hiyo umeamuliwa na uhusiano wa serikali mbili kuliko kasi ya ndege.

Mfano bora ni Wajir. Kwa muda mrefu, ndege zilizotoka Mogadishu zililazimika kutua huko kwanza ili abiria na mizigo yao wakaguliwe, ndipo ziruhusiwe kuendelea hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta.

Wajir yenyewe haiko kando sana ya njia. Kuipitia huongeza chini ya kilomita 100. Kilichorefusha safari ni kutua, kushuka, kupekuliwa, kungoja na kuabiri tena.

Kenya ilikuwa na sababu ya kujihadhari. Shambulio la Westgate mwaka wa 2013 liliua watu 67, na lile la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015 likaangamiza 148. Hakuna serikali inayoweza kupuuza maafa kama hayo.

Lakini kalenda inazua maswali. Nchi hizo zilikubaliana kuhusu safari za moja kwa moja mwaka wa 2017. Mnamo Mei 2019, mzozo wa mpaka wa baharini ulipokuwa umepamba moto, amri ya kutua Wajir ikarejeshwa. Novemba mwaka uo huo, baada ya Rais Uhuru Kenyatta kukutana na mwenzake Mohamed Abdullahi Farmaajo, ikaondolewa.

Mei 2021, siku chache tu baada ya uhusiano wa kibalozi kurejeshwa, Kenya ilisimamisha safari zote isipokuwa za matibabu ya dharura na za misaada ya Umoja wa Mataifa. Marufuku hayo yaliondolewa mwezi uliofuata.

Ni vigumu kuamini kwamba tishio la ugaidi lilipanda na kushuka sambamba na hasira za wanadiplomasia.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa ni mfanyabiashara wa Eastleigh, mgonjwa anayetafuta matibabu Nairobi na jamaa waliotenganishwa na mpaka. Mkulima wa Meru naye anajua kwamba miraa haingoji, kwani hupoteza thamani inaponyauka. Somalia ilipofunga soko hilo kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, ukaribu wa Mogadishu haukumfaa kitu.

Tangu Machi 2024, Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo itifaki yake ya soko la pamoja inaahidi watu na bidhaa kusafiri kwa uhuru. Ahadi hiyo haitakuwa na maana iwapo njia ya angani itaendelea kutumiwa kama fimbo ya kuadhibiana.

Usalama unahitaji ukaguzi madhubuti katika uwanja wa Aden Adde kabla ya ndege kuondoka, chini ya mkataba ulioandikwa ambao hautabadilika kila viongozi wanapokosana. Vinginevyo, kilomita zitabaki zile zile, na msafiri hatajua kamwe atafika lini.