Kabla ya kuuliza faida, uliza tarehe

Tangu nichaguliwe kushika hela za kikundi chetu cha akina mama hapa Kihonda, Morogoro, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mweka hazina, mfuko gani unalipa zaidi?" Nami humuuliza mwenzangu: hela hizo utazihitaji lini?

Siulizi kwa kukwepa. Naamini kabisa kwamba mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji aanze na tarehe ya mahitaji yake, habari ya faida ije baadaye. Matangazo yanatufundisha kinyume chake, na wanaoumia ni wenye akiba ndogo.

Tunao wanachama wawili ambao habari zao zinanisaidia kulieleza hili. Mmoja anauza vitenge, na kila Januari ada za watoto zinamsubiri. Wa pili ni nesi ambaye kustaafu bado kuko mbali. Wote walitaka Mfuko wa Umoja wa kampuni ya UTT AMIS kwa sababu ndio waliousikia ukisifiwa. Ni mfuko mzuri, upo tangu 2005. Lakini sehemu ya hela zake imo kwenye hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, na hisa hazijui kwamba Januari kuna ada. Mwaka 2015 Benki ya CRDB iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350 kila moja. Miaka michache baadaye hisa hiyo hiyo ilikuwa chini ya shilingi 150. Kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imevuka 600. Aliyeweza kusubiri alifurahi. Aliyelazimika kuuza katikati ili mtoto asirudishwe nyumbani alikula hasara, ingawa hisa ni ile ile. Mfuko wenye mchanganyiko kama Umoja hauyumbi kiasi hicho, lakini unayumba.

Kwa hiyo nesi alikwenda Umoja, na muuza vitenge nikamshauri Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS hiyo hiyo, ambao hauna hisa kabisa.

Wapo wanaoniambia Umoja ni ghali, afadhali mfuko mpya ambao kipande ni shilingi 100. Hapa huwa nachukua kalamu. Ukiwa na shilingi 100,000, kwenye mfuko wa kipande cha 1,000 unapata vipande 100, na kwenye mfuko wa kipande cha 100 unapata 1,000. Mifuko yote miwili ikikua kwa asilimia 10, kila mahali una shilingi 110,000. Bei ya kipande inaonyesha mfuko umetoka wapi, basi. Wingi wa vipande haumtajirishi mtu.

Jambo jingine linalonikera ni kuchagua kwa faida ya mwaka jana. Faida hiyo ina chanzo chake, na chanzo hubadilika. Mwaka 2022 serikali ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mfuko uliokwisha kushika zile za zamani uliendelea kuvuna, lakini hela zilizoingia baadaye zilikuta bei nyingine sokoni. Usipouliza ndani ya mfuko kumewekwa nini, na kwa riba ya lini, unanunua msimu uliokwisha pita.

Na faida ikiwa kubwa kupita za wenzake wote, uliza kwa sauti zaidi. Kenya, kampuni ya Cytonn ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 10 za huko kwa ahadi ya hadi asilimia 18 kwa mwaka, kupitia mpango ambao haukuwa chini ya usimamizi wa mamlaka ya masoko ya mitaji. Hela zilikwenda kwenye majengo ya kundi hilo hilo la kampuni. Oktoba 2021 ikaomba ulinzi wa mahakama, na wawekezaji wakabaki wakidai. Jengo huwezi kuling'oa tofali ukamlipie mtu ada.

Kwetu, kabla kikundi hakijatoa hata shilingi, huwa natafuta jina la mfuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha nauliza ni benki ipi inayotunza mali zake, kwa kuwa meneja wa mfuko hapaswi kuzishika mwenyewe. Wauzaji wengine hushangaa mwanamke wa kikundi kuuliza hivyo. Wazoee.

Ombi langu kwa mamlaka hiyo ni moja. Kila tangazo la mfuko liandike, kwa herufi kubwa sawa na zile za asilimia ya faida, muda ambao mnunuzi anashauriwa kukaa na vipande vyake, na mwaka mbaya kuliko yote ambao mfuko umewahi kupitia. Redioni hayo yasomwe kwa kasi ile ile inayosomewa faida, ili mama aliyepo gengeni ayasikie.