Meza Yenu Ilikuwa na Jina

Nianze kwa kuungama. Mwaka juzi nililipwa shilingi mia tatu kuandika uongo wa maneno arobaini. Karakana moja ya fanicha huku pwani ya kusini ilitaka maelezo ya kuweka chini ya picha: meza ya kahawa, mbao za chombo cha kale, bei ya kukufanya ukohoe. Nikaandika kwamba mbao zile zilikata mawimbi ya Bahari ya Hindi kwa miaka mia moja, zikibeba viungo na siri za masultani. Nilijuaje? Sikujua. Nilikuwa nimeacha chuo, nina deni la kodi Ukunda, na maneno ndiyo bidhaa pekee niliyokuwa nayo. Picha ikapendwa na watu wengi. Meza ikauzwa.

Wikendi ile nikaenda Mwabungo kumwona babu. Nikamwonyesha ile picha, kwa fahari kidogo, ajue mjukuu wake analipwa kwa kuandika. Akaishika simu mbali na uso, kama wazee wanavyofanya, akaitazama sana. Halafu akaweka kidole kwenye kona ya meza, palipo na kiraka cha pembe nne.

"Hiki nilikipiga mimi," akasema. "Tulikwaruza mwamba tukiingia Gazi. Hii ni Subira."

Subira ilikuwa mashua yake. Aliiuza miezi michache kabla kwa mtu aliyekuja na lori akitafuta mbao kuukuu. Haikuwa na miaka mia moja. Haikuwahi kumwona sultani. Lakini ilikuwa na maisha yake, na mimi, mjukuu wa nahodha wake, nilikuwa nimeyafuta kwa shilingi mia tatu.

Tangu siku hiyo nina hasira, na leo nataka tugawane.

Hebu kwanza nikupe wasifu wa chombo kingine, uone ninachokilalamikia. Mwaka 1776, kwenye kiwanda cha jeshi la majini la Uingereza huko Portsmouth, mafundi walianza kujenga manowari ya mizinga 50. Kazi ikalala. Mbao zikahamishiwa Sheerness, na mwaka 1790 chombo kikashushwa majini kwa jina la Leopard. Miaka minane baadaye Napoleon akaingia Misri, na Waingereza wakaogopa kwamba atashuka Bahari ya Sham mpaka India. Wakamtuma komodoo John Blankett aizunguke Afrika akazibe mlango wa bahari hiyo. Leopard ndiyo iliyombeba.

Hapo ndipo wanapoingia kwetu. Walifika mwambao huu wakati wa kaskazi, wakitaka kwenda kaskazini. Mtoto yeyote wa Shimoni angewacheka. Kaskazi inavuma kutoka huko huko unakotaka kwenda; anayepanda juu husubiri kusi. Upepo hauogopi mizinga. Wakahangaika wee, na Februari 1799 wakawa wametia nanga Unguja, wakitafuta maji na chakula. Luteni mmoja wa msafara ule, Austin Bissell, aliiandika safari nzima, na maandishi yake yakachapwa London mwaka 1806.

Blankett mwenyewe akafa huko Bahari ya Sham mwaka 1801. Chombo kikaendelea. Tarehe 22 Juni 1807, nje ya mwambao wa Virginia, Leopard ikaisimamisha manowari ya Marekani, Chesapeake, ikidai mabaharia watoro. Wamarekani walipokataa, ikawapiga mizinga: watu 3 wakafa, 18 wakajeruhiwa, na mabaharia wanne wakashushwa. Mmoja wao, Jenkin Ratford, akanyongwa Halifax mwezi Agosti. Desemba ya mwaka huo Marekani ikafunga biashara yake ya nje kwa sheria, na hasira zile zilikuwa sehemu ya safari ya kuelekea vita vya 1812. Uzeeni Leopard ikageuzwa kuwa chombo cha kubeba askari, na Juni 1814 ikapanda mwamba kwenye kisiwa cha Anticosti, Kanada. Watu wote wakaokoka. Chombo kikafa hapo. Mwaka 1978 mwandishi Patrick O'Brian akakifufua ndani ya riwaya yake, Desolation Island.

Haya yote niliyapata kwa bando la shilingi hamsini, nikiwa nimelala kitandani. Chombo kilichokufa miaka zaidi ya 200 iliyopita, nimekijua kuzaliwa kwake, kazi zake, aibu zake na kaburi lake. Hata yule aliyenyongwa ana jina. Sasa jaribu kutafuta jina la chombo kimoja tu cha Waswahili kilichokuwa bandarini Unguja Februari ile ya 1799, Leopard ilipotia nanga kati yao. Tafuta nahodha mmoja. Mimi nimetafuta mpaka bando likaisha.

Najua utakachosema, kwa sababu nimeambiwa na wasomi wa kahawa pale Ukunda: sisi ni watu wa masimulizi, kuandika ni mambo ya wazungu. Aisee, acheni. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, miaka 48 kabla ya fundi wa Portsmouth kugusa mbao ya kwanza ya Leopard. Mombasa ilikuwa na tarikhi yake. Watu waliandika mikataba, wosia, barua za madeni. Kalamu ilikuwepo. Vyombo ndivyo ambavyo hatukuviona kuwa na haki ya wino.

Kuna jibu lingine, na hili ni zito, siwezi kulipita mbio. Nilimuuliza babu kwa nini hakuwahi kuweka daftari la safari. Akanicheka. "Daftari ni la nani? La askari." Kwake yeye karatasi ilikuwa ushuru, faini na rumande. Na kusema kweli, ana hoja. Waingereza hawakuandika habari za Leopard kwa mapenzi. Waliandika ili ijulikane nani kapewa chakula kiasi gani, nani kalewa, nani atapigwa viboko. Karatasi iliyomhifadhi Jenkin Ratford ndiyo iliyompandisha kamba. Mtu wa pwani aliyenyamaza mbele ya daftari la serikali hakuwa mjinga. Alikuwa anajificha, na kujificha kulimfaa.

Lakini babu yangu, anayekutafuta leo si askari. Ni muuza meza. Zamani ulinyamaza na siri ikabaki yako. Leo ukinyamaza, mtu anamlipa mjukuu wako shilingi mia tatu ajaze pale ulipopaacha wazi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapowafikia nyinyi wenzangu wa mjini. Mnapenda pwani. Mnapiga picha chini ya taa iliyotengenezwa kwa ubavu wa mashua, mnakunywa kokteli kwenye kaunta ya mbao zenye matundu ya misumari, na mnasema eti pana "uhalisia". Uhalisia wa nani? Muulize mwenye baa chombo kiliitwaje. Muulize kilijengwa wapi. Hajui, na hajali, kwa sababu chombo kisicho na jina kinauzika zaidi. Kikiwa na jina kitakuwa na mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuuliza kwa nini yeye alilipwa bei ya kuni.

Taasisi nazo sizisamehi. Nenda Fort Jesus. Mabaki ya chombo yaliyochimbuliwa kwa umakini mkubwa katika bandari ya Mombasa, kati ya 1977 na 1980, ni ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mtepe wetu, uliojengwa kwa kushonwa kamba bila msumari, umetuacha na mifano tu. Mmoja ulijengwa upya Zanzibar ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, na sehemu ya jumba lenyewe ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Pale Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni ya hekta 117 za mikoko. Miti inapimwa na hesabu zake zinawekwa. Safi kabisa. Kwa hiyo mkoko ukiwa umesimama una faili. Ukishakuwa taruma la mashua, ukabeba watu miaka hamsini, hauna hata mstari.

Chombo cha pwani yetu ambacho vijana wengi wanaweza kunitajia jina ni Flipflopi, kile cha Lamu kilichojengwa kwa plastiki iliyookotwa, kikashushwa 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwaka uliofuata. Kina wasifu, kina video, kina mafundi wanaotajwa kwa majina. Kumbe tunaweza! Ila ilibidi kwanza kiwe na ujumbe wa dunia nzima. Mashua iliyovusha mama mjamzito usiku kutoka Funzi haina ujumbe, basi haina kamera.

Sidai makumbusho. Sidai wafadhili. Nadai vitu viwili. Kwanza, wewe mwenye babu, mjomba au jirani aliyewahi kushika usukani, mwulize kabla ya Idi ijayo: chombo kiliitwaje, nani alikijenga, kilibeba nini, kiliishaje. Una simu, si ndiyo? Bonyeza kitufe cha kurekodi. Pili, usinunue wala usisifu kipande cha chombo ambacho muuzaji hawezi kukutajia jina lake. Muulize mbele za watu. Aone haya kidogo.

Mimi deni langu nalilipa hapa. Nimekaa na babu jioni nne, na kilichofuata nimemsomea, akanisahihisha.

Subira. Mashua. Ilijengwa Vanga mwaka wa zile mvua kubwa, 1961. Mkuku na mbao za mbambakofi; pesa zilipopungua, mbao za juu zikawa za mwembe. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mjomba wa babu, ambaye aliipa jina hilo kwa sababu fundi alimsubirisha misimu miwili.

Kazi ya kwanza: boriti na mbata kutoka Gazi kwenda Mombasa. Kupanda na kusi, kurudi na kaskazi, katikati, kungoja.

Kazi ya pili: watu. Maharusi, wagonjwa, maiti wawili. Mtoto mmoja alizaliwa ndani yake kati ya Funzi na bara, usiku, tanga likiwa limeteremshwa ili chombo kitulie. Yuko hai, ana duka.

Kazi ya tatu: karafuu za Pemba, wakati serikali ya kule ilikuwa mnunuzi pekee, bei yake iko chini, na adhabu ya kuzitorosha ni kali. Babu ameniruhusu kuandika haya kwa sharti nisitaje mwaka. Alizima taa na kutumia nyota. Kiraka cha pembe nne ni cha usiku mmoja wa namna hiyo: walikimbia doria, wakaingia Gazi maji yakiwa yanatoka, mwamba ukawapata upande wa omo.

Kazi ya nne: nyavu. Miaka mirefu, samaki wengi, halafu wachache.

Kazi ya tano: watalii. Mlingoti ukashushwa, mashine ikafungwa, pomboo wakachorwa ubavuni. Mtu aliyeikodi akasema wageni hawawezi kutamka Subira, akapaka jina lingine juu yake. Babu hataki kulitaja hilo jina la pili, na mimi siliandiki.

Mwaka 2020 Korona ikafunga hoteli. Mashua ikavutwa juu ya mchanga hapo Mwabungo ingoje. Hakukuwa na pesa ya pamba wala sifa ya kuikalafati. Jua likafungua maungio. Mwenye lori akaja, akahesabu mbao, akalipa shilingi elfu kumi na mbili.

Babu alipomaliza nilimuuliza kama angetaka tuitafute ile meza tuinunue, kama siku moja pesa itapatikana. Akafikiri.

"Meza ya nini?" akasema. "Andika tu kwamba haikuwahi kuzama."

Haikuwahi kuzama.