Kabla ya Kufunga Ule Mfuko wa Nguo

 

Wiki mbili zilizopita, wakati wa chai, mzazi mmoja aliuliza kama ni vizuri kuwapeleka watoto wakauze nguo zao za zamani kwenye maduka ya mitumba ya hapa Marekani. Mwingine akamjibu haraka: "Nguo ya mtoto haiuzwi, inatolewa sadaka." Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini na usingizi umenikamata. Leo nimelala, kwa hiyo nasema: mimi niko upande wa kuuza, ila kwa sharti moja.

Mwezi wa Machi nilikwenda dukani na binti yangu wa miaka 13, ambaye mwaka huu amerefuka mpaka suruali zote zimekuwa kaptula. Tulibeba nguo 24. Duka lenyewe si lile la kupokea misaada. Hili linanunua papo hapo, na muuzaji lazima awe mtu mzima mwenye kitambulisho. Mkaguzi alizipekua moja moja: zipu, kwapa, kola, lebo. Akachukua 6, akaturudishia 18, akatupa dola 19. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, kwani nguo zetu ni chafu?"

Hazikuwa chafu. Kosa lilikuwa langu. Nilipeleka makoti ya baridi wakati wao wanatafuta nguo za joto, maana maduka haya hununua za msimu unaokuja. Bei nayo huwa ndogo, kwa kawaida chini ya nusu ya ile watakayouzia, kwa kuwa wana kodi ya jengo, mishahara, na nguo zitakazokosa mnunuzi. Makoti mawili yalikuwa na kamba kwenye kofia, na hapo mimi nesi niliona aibu. Tangu mwaka 1996 shirika la serikali linaloshughulikia usalama wa bidhaa limekuwa likionya juu ya kamba hizo kwenye nguo za watoto, kwa sababu zimenasa kwenye vifaa vya kuchezea na milango ya basi, na watoto wamekufa. Kama mnayo nyumbani, ivuteni kamba itoke leo hii.

Nilimweleza binti yangu yote haya ndani ya gari. Nguo kukataliwa si mtu kukataliwa. Kwa mtoto anayekua kati ya watu wanaoshindwa kutamka jina lake, somo hilo lina thamani kuliko dola 19.

Sasa nisikilizeni kuhusu zile 18. Nilitaka kuzitupia zote kwenye sanduku la misaada, pamoja na fulana zenye madoa na soksi zilizopoteza wenzake. Jioni nikampigia simu mdogo wangu, anayeuza mitumba soko la Memorial pale Moshi. Nilipomsimulia alicheka, kisha akaacha kucheka. "Dada, kumbe ni nyinyi?"

Nguo za misaada zinazokosa mnunuzi hapa huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, na nyingi hufungwa marobota na kusafirishwa nje. Mdogo wangu hukopa pesa na kununua robota lililofungwa. Halifunguliwi kabla ya kulipa. Akikuta nguo nzuri, ada ya watoto imepatikana. Akikuta matambara, hasara ni yake, na mkopo uko palepale.

Jambo hili limefika hata kwa marais. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya ushuru. Wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nafuu yake kwa upande wa nguo ikasimamishwa. Mimi sina uwezo wa kuamua ugomvi huo. Mfuko ulio chumbani kwangu ninao uwezo nao.

Ndiyo maana sharti langu ni hili: kabla ya kufunga mfuko, keti na mtoto wako mgawe mafungu matatu. La kwanza ni la kuuza: nguo safi, nzima, za msimu unaokuja. La pili ni la kutoa, na hapa nakubaliana na mwenzangu wa sadaka. Lakini sadaka ni kitu ambacho usingeona aibu kumkabidhi mtu mkononi, ukimtazama usoni. La tatu ni matambara, nayo yabaki nyumbani yafute meza. Aliyetupa soksi mbovu kwenye sanduku hajatoa sadaka, amemwachia mwingine takataka zake.

Tena, tuwaulize watoto kwanza. Gauni aliloshonewa na bibi yake halipelekwi sokoni bila ruhusa, hata kama limembana. Na pesa ikipatikana, mtoto ahesabu na aamue mwenyewe. Binti yangu alitenga dola 5, akasema ni za mama mdogo, "za zile fulana zenye madoa." Sikumwongezea neno.

Wanafunzi, Jumamosi ijayo kila mmoja alete nguo moja asiyoivaa tena. Tutasema kwa Kiswahili kwa nini: imenibana, imepauka, imechanika, imetoboka, imechakaa. Kisha utatuambia itaingia fungu gani. Wazazi mnakaribishwa kubisha, chai itakuwepo. Safari hii sitasinzia.