Kanzidata Ikihama, Mfumo Kuwaka Hakutoshi

Mteja aitwaye Ng'ang'a akipewa risiti inayosomeka Ngâ€™angâ€™a, karani huomba radhi na kueleza kwamba mfumo umehamishwa juzi, bado unatulia. Mfumo hautulii wenyewe. Alama zile za ajabu ni dalili kwamba maandishi yalihifadhiwa kwa kanuni moja na sasa yanasomwa kwa kanuni nyingine, na hilo hutokea mara nyingi kanzidata inapotolewa kwenye kompyuta ya Windows na kupakiwa kwenye seva ya Linux bila mtu kulinganisha pande mbili.

Chanzo chake kinajulikana. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe mahali pa ritifaa iliyonyooka, huhifadhiwa na kanuni ya UTF-8 kwa baiti tatu. Kompyuta inayosoma kwa kanuni ya zamani, Windows-1252, huzihesabu baiti hizo kuwa alama tatu tofauti. Kiswahili kingeweza kusalimika, maana herufi zake ni zile za kawaida kabisa, lakini ng'ombe, ng'ambo na majina ya watu wengi kutoka Murang'a hadi Usukumani yana ritifaa. Karani akilifungua jina lililoharibika na kulihifadhi upya, kosa lililokuwa la kusoma tu linaandikwa rasmi ndani ya kanzidata.

Hata hivyo, hilo ni kosa la afadhali, kwa sababu linaonekana.

Kuhama kwenyewe hakuepukiki. Windows Server 2012 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 10 Oktoba 2023. CentOS 7, aina ya Linux iliyobeba seva nyingi duniani, ilifuata tarehe 30 Juni 2024, na Windows 10 ikafikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Taasisi inayobaki kwenye mfumo endeshi usiozibwa tena matundu yake inawakaribisha wezi. Kwa hiyo shule, SACCO, zahanati na halmashauri zinahama, na ni sawa zihame. Kasoro iko kwenye namna zinavyopokea kazi: fundi akifungua ukurasa wa kuingilia, nywila ikikubali, menyu zikajitokeza, basi hati ya malipo inasainiwa siku hiyohiyo.

Makosa yanayopiga kelele hupata tiba haraka. Mfano ni majina ya majedwali katika MySQL, programu ya kuendesha kanzidata. Kwenye Windows, MySQL haitofautishi jedwali la Wateja na la wateja, na huyahifadhi majina yote kwa herufi ndogo. Programu iliyoandikwa huko inaweza kuchanganya herufi miaka mitano bila kuulizwa. Ikifika Linux, ambako kwa kawaida Wateja na wateja ni vitu viwili, ukurasa unajibu kwamba jedwali halipo. Mpangilio unaohusika, lower_case_table_names, unaweza kuziba pengo hilo, lakini tangu toleo la 8.0 unawekwa pale tu seva ya MySQL inapoanzishwa kwa mara ya kwanza. Fundi asiyelijua hilo mapema atalazimika kuanzisha seva upya kutoka mwanzo au kusahihisha programu nzima.

Kuna na lile la muunganisho kukataa. Neno localhost kwenye Linux huielekeza programu ya PHP kwenye faili maalumu la soketi badala ya mtandao, na faili hilo lisipokuwa mahali linapotarajiwa, kanzidata inaonekana imekufa ilhali iko hai. Mara nyingi kuandika 127.0.0.1 kunatosha kuthibitisha tatizo liko wapi. Kwenye Linux za ukoo wa Red Hat, ulinzi wa SELinux unaweza kuizuia seva ya wavuti isiifikie kanzidata kupitia mtandao. Hapa mafundi wengi hukimbilia kuuzima ulinzi wote, na hilo ni kosa kubwa kuliko lile walilokuja kulitibu. Ruhusa moja tu ndiyo inayohitajika, nayo inatolewa kwa amri ya mstari mmoja.

Makosa ya kuogopwa ni yale yanayonyamaza.

Chukua saa. Kompyuta ya ofisini ilikuwa ikifuata saa za Afrika Mashariki. Seva mpya, kama seva nyingi za kukodi, imewekwa kwenye saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma kwa saa tatu. Malipo yaliyofanyika kwa simu saa nane usiku tarehe 1 Julai yanaandikwa kuwa ya saa tano usiku tarehe 30 Juni. Kwa Kenya, Tanzania na Uganda, ambako mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, fedha hizo zimerudi mwaka uliokwisha kufungwa. Katika MySQL mambo yanazidi kujifunga: safu ya aina ya TIMESTAMP hubadilika kufuata saa za eneo, ile ya DATETIME hubaki kama ilivyoandikwa. Mstari mmoja wa kumbukumbu unaweza hivyo kuonyesha mteja aliyelipa kabla ya kupewa ankara. Hakuna ujumbe wa hitilafu unaotokea. Mkaguzi ndiye atakayeligundua, na wa kwanza kutiliwa shaka atakuwa mhasibu.

Kosa zito zaidi liliwakuta watumiaji wa PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, na wao hawakuwa hata wametoka Linux kwenda kwingine. Agosti 2018 lilitoka toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, likiwa na kanuni mpya za kupanga maneno. Kwenye mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, toleo la zamani liliiweka 11 mbele ya 1-1, jipya likageuza. Badiliko hilo lilifika kwa wengi mwaka 2019 kupitia Debian 10 na Red Hat 8. Aliyenakili mafaili ya kanzidata moja kwa moja kutoka seva ya zamani kwenda mpya alihama pamoja na faharasa zilizopangwa kwa kanuni ya kale. Ni kama masjala iliyopata karani mpya mwenye utaratibu wake wa alfabeti: analiendea kabati ambalo faili lilipaswa kuwamo, halioni, anajibu kwamba mgonjwa huyo hajawahi kufika hapa. Kisha anamfungulia faili la pili. Ndivyo faharasa iliyokusudiwa kuzuia namba kujirudia inavyoruhusu namba moja iingie mara mbili.

Tiba ipo, nayo ni kujenga faharasa upya kwa amri ya REINDEX, au kuhama kwa kutoa data yote kama maandishi na kuipakia upya, njia ambayo huzijenga faharasa yenyewe. Lakini nani atatibu asichokijua? OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, hutumia MySQL. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayotumiwa na wizara za afya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, hutumia PostgreSQL. Mtu anayehamisha mifumo ya namna hii anashika dawa, vipimo na tarehe za kliniki za watu wasiomfahamu.

Wakubwa nao wameumia. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenye mfumo mpya. Wadhibiti walipofunga uchunguzi walieleza kwamba data yenyewe ilihama vizuri. Kilichofeli mara moja ni mfumo uliopaswa kuitumia. Benki ilirudi katika hali ya kawaida Desemba mwaka huo, na mwaka 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kampuni ya GitLab ilipoteza takribani saa sita za data Januari 2017, baada ya fundi kufuta kimakosa kanzidata hai. Nakala rudufu za kawaida hazikuwapo, kwa sababu chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha toleo la 9.2 la PostgreSQL ilhali kanzidata ilikuwa ya 9.6. Kilikuwa kinashindwa, na barua pepe za tahadhari hazikuwa zikiwafikia wahusika.

Wapo watakaosema kwamba SACCO ya walimu haina mfuko wa benki ya Uingereza. Ni kweli, wala haihitaji. Kinachohitajika ni kuhakiki kabla ya kusaini, na mhakiki awe mtu anayezijua kumbukumbu, kwa maana fundi hawezi kujua kwamba akiba ya Machi ilikuwa kubwa kuliko ya Aprili. Mhasibu alinganishe idadi ya mistari na jumla za kila mwezi, za zamani na mpya. Mtu wa masjala atafute wanachama anaowajua kwa majina, hasa wenye ritifaa na wenye namba zenye kistari, kisha apitie miamala iliyofanyika usiku wa manane. Nakala rudufu ipakiwe kwenye kompyuta nyingine na ifunguke kweli. Seva ya zamani ibaki ikisomeka bila kuandikika hadi ripoti za mwezi mzima zilingane, na sehemu ya malipo ya fundi ingoje mpaka hapo. Fundi mwema hatalalamika. Masharti hayo yanamlinda na yeye pia, kwani kosa likiibuka mwaka unaofuata kutakuwa na karatasi inayoonyesha alikabidhi nini.

Bodi nyingi hazijawahi kuiomba karatasi hiyo. Wanachama wana haki ya kuidai kwenye mkutano mkuu ujao: mfumo ulihamishwa lini, nani alizilinganisha jumla, na saini yake iko wapi.